R6: jino moja mbele au matatu nyuma?

Kaka, umeuliza ufanyeje R6 yako (pikipiki ya Yamaha) ivute zaidi milimani: funga sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) yenye jino moja pungufu, nyuma usiguse. R6 za 2006 hadi 2016 kiwandani zinakuja na meno 16 mbele na 45 nyuma; gawa 45 kwa 16, ni 2.81. Ukifunga 15 mbele inakuwa 3.00, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 7. Milima ya kwenda Kasulu utaisikia hiyo tofauti hasa ukitoka kwenye kona na gia ya pili. Kupata hivyohivyo kwa nyuma ingebidi ufunge 48, na hapo mara nyingi cheni inakuwa fupi, unanunua nyingine. Nazifunga hizi gereji hapa Ujiji, wengi wanaishia kwenye 15.

Injini itazunguka zaidi kwa spidi ileile, kwa hiyo mafuta yatapanda kidogo. Angekuwa mtu wa Tabora anayekimbia lami iliyonyooka ya Nzega ningemwambia abaki na ya kiwandani.

Usishuke hadi 14. Cheni inajikunja mno kwenye sproketi ndogo, inakufa mapema. Na spidomita ya hizo R6 inasoma kutoka gia boksi, sio tairi: ikionyesha 107 baada ya kubadilisha, chukulia spidi yako halisi ni kama 100. Kama cheni yenyewe imeshalegea na meno yamechongoka, badilisha seti nzima, sproketi mpya kwenye cheni kuukuu italiwa haraka sana.