Octavia ya dizeli kwa watoto watatu: soma kabla hujalipa

Dada, nimekuelewa: uko London, una watoto watatu, umeonyeshwa Škoda Octavia stesheni wagoni ya 2016, 2.0 TDI ya nguvu farasi 150.

Kwa mizigo, hapo umefika. Buti ni lita 610, ukilaza viti vya nyuma 1,740. Injini inaanza kuvuta vizuri kwenye mizunguko 1,750 hivi kwa dakika, kwa hiyo hata ukiwa umejaza gari, kulipita lori barabara kuu si kazi. Mbwembwe halina. Ila viti vitatu vya watoto kwa mstari vitabana. Nenda navyo ukavijaribishe.

Swali kubwa: unaendesha wapi? Kama ni shuleni na dukani tu, achana na dizeli, hata ukipunguziwa bei. Chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji joto la safari ndefu ili lijisafishe, la sivyo linaziba, na kulibadilisha ni hela nyingi.

Hakikisha ni Euro 6, yaani kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari, vinginevyo utalipa ULEZ, ada ya London kwa magari yanayochafua hewa, pauni 12.50 kila siku unayoendesha. Dai risiti ya kubadilishwa kwa mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini. Na fundi wako, si wa muuzaji, aliwashe gari likiwa limepoa na asome kompyuta ya gari.