Zumba siiachi: maswali yenu kuhusu mazoezi ya nguvu baada ya miaka 45

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 48, naishi Tabata, Dar es Salaam. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni nacheza zumba saa nzima na kina mama wenzangu wa mtaani, na hiyo ndiyo raha yangu. Hedhi imeanza kuruka miezi. Nesi kliniki kaniambia ni wakati wa kunyanyua vyuma kwa ajili ya mifupa. Jimu nilishakwenda mwezi mmoja, ikanichosha. Kwani zumba peke yake haitoshi?

JIBU: Kwa moyo, pumzi, sukari na usingizi inatosha sana, endelea nayo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nawe una 180. Ila mwongozo huohuo, uliotolewa mwaka 2020, una sharti la pili ambalo wengi hulipita: kutumikisha misuli yote mikubwa kwa mazoezi ya nguvu, siku 2 au zaidi kwa wiki. Zumba haifiki huko.

Msuli na mfupa huimarika vinapokutana na mzigo visiouzoea. Kwenye zumba mzigo ni mwili wako, uleule wa mwaka jana na mwaka juzi. Na hivi sasa estrojeni, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yako, inashuka. Miaka michache kabla na baada ya hedhi kukoma ndiyo mfupa hupungua kwa kasi zaidi. Ukiongeza zumba ziwe siku tano, pengo hilo halizibiki. Utapata tu maumivu ya visigino.

Basi usiongeze siku. Jumatatu na Ijumaa fanya mazoezi ya nguvu dakika 25 nyumbani, kisha nenda ukacheze nusu saa. Jumatano cheza saa yako yote. Nguvu itangulie, kwa sababu ukianza na kucheza miguu itafika kwenye mzigo ikiwa imechoka, mkao utaharibika, na atakayeumia ni mgongo.

Vifaa ni madumu mawili ya lita 5 yenye vifuniko vinavyokaza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Zungushia kipande cha kanga kwenye mkono wa dumu usikukate vidole. Vua ndala, na dera liache kabatini: ukichuchumaa huku umeshika mzigo, pindo ukalikanyaga, utakwenda chini na dumu lako.

Kwanza, kuinuka kitini. Kaa ukingoni mwa kiti kigumu, kumbatia kifuani dumu lenye lita 3, inuka bila kujisukuma kwa mikono, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga, na ndiko watu wanakodanganya kwa kujibwaga.

Pili, kuinama kwa nyonga. Dumu kila mkono, magoti yamelegea kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, madumu yateleze mbele ya mapaja hadi chini ya magoti, kisha simama wima. Mgongo unyooke muda wote. Ukisikia kazi nyuma ya mapaja, umepatia; ukiisikia kiunoni, umepinda mgongo au umeshuka mno.

Tatu, kuvuta: mkono mmoja umeegemea benchi, mwingine unavuta dumu kuelekea nyonga, si kuelekea bega. Nne, pushapu, ukianzia ukutani, kisha ukingo wa meza nzito, kisha benchi; sakafuni utafika ukifika. Mwisho beba madumu yote mawili utembee hatua 40 umenyooka.

Kila zoezi rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja na nusu, rudia duru ya pili. Kwenye kubeba, safari mbili zinatosha. Uzito unaofaa ni ule unaokuacha na nguvu za kurudia mara mbili hivi tu zaidi. Ukiweza 12 katika duru zote kwa siku mbili mfululizo za mazoezi, ongeza lita moja. Dumu likijaa, hamia mchanga: lita 5 za mchanga mkavu ni kama kilo 8.

Wiki mbili za mwanzo fanya duru moja tu. Wanaoanza kwa pupa huamka siku ya pili hawawezi kukaa chooni, na wengi wao hawarudi tena. Na zima muziki wa zumba wakati huu. Mdundo ukikimbia nawe utakimbia, dumu litakuwa linarushwa badala ya kunyanyuliwa.

SWALI: Mimi ni mkulima, Njombe, miaka 51. Kila siku nabeba ndoo ya maji kichwani na kuni. Nami nahitaji madumu yenu?

JIBU: Mama, nguvu unazo, na kwa kutembea na kulima umetushinda. Lakini ndoo yako ni ileile miaka yote, na uzito wake unashukia shingoni. Kifua, mikono ya kuvuta na nyuma ya mapaja havipati zamu ya kutosha. Wewe hatukupi ratiba nzima. Fanya pushapu za ukutani na kuvuta dumu, mara mbili kwa wiki, dakika 10, asubuhi kabla ya shamba. Ndoo ikiwa chini, usiikwapue kwa kiuno: sogea karibu, shusha nyonga, simama nayo. Msimu wa kulima ukikolea, pumzisha madumu bila wasiwasi.

SWALI: Madumu ya maji kweli yataokoa mifupa?

JIBU: Yatakuanzisha. Mfupa hupenda mzigo mzito kuliko huo. Australia walifanya utafiti uitwao LIFTMOR kwa wanawake waliokwishakoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua. Walinyanyua vyuma vizito hasa, zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao, dakika 30 mara 2 kwa wiki kwa miezi 8. Mfupa wa uti wa mgongo kiunoni uliongezeka karibu asilimia 3, huku wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani wakipungukiwa kidogo. Tunakuomba usiuige utafiti huo peke yako uani: walisimamiwa na wataalamu kila kipindi. Ukishamaliza miezi mitatu au minne ya madumu na mkao umetulia, tafuta mwalimu wa jimu mwenye subira, mweleze umri wako na kwamba unataka kujifunza kunyanyua kutoka chini. Jimu ya namna hiyo haichoshi kama ile ya kukimbia kwenye mashine ukitazama ukuta.

SWALI: Nina miaka 53, Mombasa. Goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi na baada ya zumba. Niache vyote?

JIBU: Kwanza tazama sakafu. Raba inayoshika sana juu ya marumaru hung'ang'ania, mguu unabaki, mwili unageuka, goti linasokotwa katikati. Kila unapogeuka, nyanyua kisigino ugeukie kwenye vidole. Ruka-ruka zote zifanye hatua za kawaida kwa wiki sita.

Kuinuka kitini usikuache, ila weka mto mgumu kitini kiwe juu zaidi, na usishike mzigo kwa sasa. Maumivu yape alama kutoka 0 hadi 10: yakiwa hadi 3, na kesho yake asubuhi yametulia, endelea. Yakizidi, ongeza mto au punguza idadi. Goti likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, nenda hospitali.

SWALI: Nina presha na natumia dawa. Naruhusiwa kunyanyua?

JIBU: Ikiwa imedhibitiwa, ndiyo, baada ya kumwarifu daktari wako. Kosa kubwa ni kuzuia pumzi. Presha hupanda ghafla. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Ukishindwa kuhesabu kwa sauti huku unanyanyua, jua umeizuia. Siku ukipima ukakuta 180/110 au zaidi, hakuna mazoezi. Nenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha papo hapo.

SWALI: Naona aibu kuuliza. Nikiruka kwenye zumba mkojo unanitoka kidogo.

JIBU: Dada, si wewe peke yako, hasa waliozaa. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia upepo, bila kubana makalio wala pumzi. Shikilia sekunde 5, achia kabisa sekunde 5, mara 10, kutwa mara tatu. Ukizoea fika sekunde 10. Usijaribu ukiwa unakojoa. Kaza pia sekunde moja kabla ya kunyanyua dumu au kukohoa. Ipe miezi mitatu. Kama hakuna nafuu, au unahisi kitu kinashuka ukeni, kamwone daktari wa wanawake.

SWALI: Nitakuwa na mabega ya kiume?

JIBU: Hapana. Homoni ya kujaza misuli namna hiyo wanawake tunayo kidogo mno.

SWALI: Nile nini ili jasho lisiende bure? Nina kilo 70.

JIBU: Lenga protini gramu 70 hadi 84 kwa siku, yaani gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Mayai 2 ni gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 karibu 25, glasi ya maziwa 8, na dagaa wakavu wa kujaza kiganja karibu 18. Kinachoharibu hesabu kwa wengi ni asubuhi: chai na chapati mbili, halafu protini yote inasubiri usiku. Hamishia mayai au maharage ya jana kwenye chai hiyo.