Kufufua Mashine Kongwe ya Pinboli Kisumu: Safisha Kabla ya Kukunja

Mashine yangu ya pinboli, mchezo wa kupiga gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama ili kupata alama, ilitengenezwa na kampuni ya Gottlieb ya Chicago katika miaka ya 1960, na ilikuwa imelala kwa miaka mingi katika stoo ya klabu iliyofungwa hapa Kisumu kabla sijaipata. Nilipofungua ubao wa mchezo kwa mara ya kwanza nilikuta mamia ya waya, koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme unapopita), rilei (swichi zinazoendeshwa na koili) na swichi za bapa nyembamba za chuma, na juu ya vyote hivyo tabaka la wadudu wa ziwani waliokauka, wale wanaokuja kwa mawingu na kujaa kwenye taa zetu jioni. Sikuwa nimesomea umeme. Nilichokuwa nacho ni mita ya kawaida ya kupimia umeme, bisibisi na hamu kubwa, na ni hiyo hamu iliyonigharimu wiki tatu za kazi ya ziada.

Kosa langu lilikuwa hili: kila swichi niliyoishuku niliikunja kidogo ili pointi zake, yaani ncha za chuma zinazopitisha umeme, zigusane vizuri. Mashine iliyokuja kwangu ikiwa na hitilafu tatu au nne sasa ikawa na hitilafu zaidi ya kumi, na mpya zote zilitoka mikononi mwangu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asikunje swichi yoyote mpaka awe ameisafisha, ameijaribu, na amejua kwa hakika kuwa haigusi au haiachi inavyopaswa. Mashine za aina hii, zilizotengenezwa kabla kompyuta haijaingia katika mchezo huu mwishoni mwa miaka ya 1970, zilirekebishwa kiwandani na watu waliojua kazi, na mara nyingi kilichobadilika tangu wakati huo ni uchafu tu. Kwetu kando ya ziwa kuna unyevu pia, ambao huacha utando mweusi juu ya pointi.

Lakini kabla ya pointi kuna suala la stima. Kibandiko cha mashine yangu kinataja volti 115, nasi tunatumia 240, kwa hiyo kuichomeka moja kwa moja ukutani kungeunguza transfoma yake mara moja. Nilinunua transfoma ya kushusha umeme ya wati 500. Fahamu kwamba transfoma hiyo hupunguza volti tu. Umeme wetu unabaki wa hezi 50 badala ya 60 za Marekani, ndiyo maana mota ya ndani huzunguka polepole kidogo na transfoma ya mashine hupata joto zaidi, nami siiachi ikiwaka mchana kutwa. Waya wake wa zamani ulikuwa wa nyuzi mbili bila ardhi. Niliomba fundi wa redio wa karibu na soko la Kibuye auondoe na kuweka wa nyuzi tatu, ule wa ardhi ukafungwa kwenye chuma cha transfoma na kwenye mlango wa sarafu, na hiyo ni kazi ambayo singemshauri mwanafunzi aifanye peke yake. Kagua na fyuzi zote. Moja ya zangu ilikuwa imeungua na mtu akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki, na kitakachoungua badala yake ni koili, au nyumba.

Hitilafu iliyonifundisha zaidi ilijitokeza nilipobonyeza kitufe cha kuanza mchezo: mota ikazunguka bila kukoma na gololi haikutolewa. Nilidhani mota imeharibika, kumbe ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Mchezo unapoanza, mashine huyasukuma magurudumu ya nambari hatua kwa hatua hadi yote yafike sifuri, na kila gurudumu lina swichi ya kutoa habari kwamba limefika. Likibaki moja lisilofika, au lililofika lakini pointi zake ni chafu, mota itaendelea kusukuma usiku kucha. Nilitazama sanduku la nyuma huku mota ikizunguka, nikaona gurudumu la mamia likitikisika bila kusogea. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Nilipiga picha kila upande, nikalitoa, nikaiyeyusha grisi kwa spiriti, nikalirudisha likiwa kavu. Usitie oili mpya hapo, wala ndani ya koili, maana baada ya miezi michache itakusanya vumbi na kurudisha tatizo lile lile.

Kuhusu kusafisha pointi zenyewe, usitumie msasa, kwa sababu punje zake hubaki kwenye chuma. Zima mashine na uichomoe, kisha pitisha tupa ndogo laini kati ya pointi mara mbili au tatu, halafu zibane polepole juu ya ukanda wa karatasi safi na kuuvuta mpaka utoke bila weusi. Aliye na mashine ya baadaye, yenye kompyuta, asiguse tupa kabisa: swichi za ubao wake hupakwa dhahabu nyembamba ambayo ikishakwanguliwa hairudi, na karatasi yenye spiriti kidogo inatosha.

Flipa ya kulia, yaani kikono cha kupigia gololi, ilikuwa dhaifu, haiwezi kuifikisha gololi nusu ya ubao, nami nilikuwa tayari kuagiza koili mpya kutoka ng'ambo. Ndani ya koili ya flipa kuna waya wa aina mbili, mnene wa kupiga na mwembamba wa kushikilia. Flipa ikiwa imelala, swichi ndogo iliyo kando yake huwa imefungwa na kuupitisha umeme wote kwenye waya mnene, ndiyo inapata nguvu ya kupiga. Inapofika mwisho wa mwendo, husukuma swichi hiyo ifunguke, na umeme ukalazimika kupita katika nyaya zote mbili, kwa kiasi kidogo, ili koili isiungue wakati umeshikilia kitufe. Pointi za swichi hiyo zikichafuka, flipa hukosa nguvu hata kama koili ni nzima. Zikishindwa kuachana, flipa hupiga vizuri sana kwa muda, kisha unasikia harufu ya kuungua. Tupa ilipita mara tatu na flipa yangu ikarudi. Koili haikuwa na neno.

Pete za mpira zilikuwa zimekauka na kupasuka, nikazibadilisha zote kwa siku moja.

Limebaki tatizo moja, nalo nalieleza kwa sababu njia ya kulitafuta inafaa kila mahali. Bampa ya kushoto, kile kifaa cha mviringo juu ya ubao kinachorusha gololi, haipigi gololi inapoigusa. Kwa kijiti kikavu cha mbao nilibonyeza rilei yake huku mashine ikiwaka, na bampa ikapiga kwa nguvu. Hilo linaniambia kwamba koili, fyuzi na waya wa kutoka kwenye rilei kwenda mbele ni salama, na kwamba hitilafu iko nyuma ya rilei, ama katika koili ya rilei yenyewe, ama katika swichi ya kijiko iliyo chini ya bampa, inayofungwa gololi inapoigusa bampa, ama katika waya unaoziunganisha. Mita imeshaonyesha kuwa koili ya rilei ni nzima. Jumamosi nitaichomoa mashine, niinue ubao, na kuanza na kijiko hicho, kwa karatasi kwanza.