Shangazi Anajibu: "Texas Hakuna Kodi," Asema Mume Wangu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa sita sasa. Natunza wazee kwenye makao yao, dola 22 kwa saa. Nyumba yetu ya vyumba viwili ni dola 2,400 kwa mwezi, na baridi ikiingia bili ya gesi inatumaliza. Mume wangu yuko ghalani, shifti ya usiku. Mtoto wa ami yake anaishi Arlington, Texas, na kila akipiga simu wimbo ni mmoja: huku hakuna kodi, nyumba ya vyumba vitatu ni 1,550. Juzi nimeona risiti kwenye simu ya mume wangu. Ameshalipa dipoziti ya dola 400, tuhamie mwezi ujao, na mimi hajaniambia. Nimeulizia kazi huko, wanatoa dola 17. Tuna mtoto mmoja, darasa la pili. Pia nina mimba ya wiki 11, bado sijamwambia, maana najua atasema hiyo ndiyo sababu ya kuhama. Nifanyeje?
— Niliyebanwa, Lowell

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona Texas. Mara ya pili nikaona ile mimba, umeitupia mwishoni kama mtu aliyekumbuka kununua chumvi wakati duka linafungwa. Tutairudia. Kwanza tumalizane na huyo shemeji yako na "hakuna kodi" yake.

Kodi gani? Hapa lugha yetu imetuponza, kwa kuwa kodi ya mwenye nyumba na kodi ya serikali tunaziita jina moja. Shemeji yako anasema kweli kuhusu ile ya pili: Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na mwaka 2019 wapigakura waliifungia mlango hata ndani ya katiba yao. Ila ya serikali kuu, ile ya Washington, iko palepale mlipo na mtakakokwenda. Na jimbo lisilochukua mkono huu huchukua mkono ule. Texas wenye nyumba hulipa kodi kubwa ya majengo, na mpangaji asidhani haimhusu, maana mwenye nyumba hailipi kutoka mfukoni mwa mamake. Kodi ya mauzo hufika asilimia 8.25, kwenu ni 6.25, na nguo isiyozidi dola 175 haitozwi. Mwenye kichanga njiani atalielewa hilo.

Sasa shika kalamu. Massachusetts inakukata asilimia 5. Kwa dola 22, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima unapata 45,760. Asilimia 5 yake ni 2,288, na pengine pungufu kwa sababu ya misamaha. Hiyo ndiyo "hakuna kodi" yote mnayoimbiwa. Kodi ya nyumba itapungua 850 kwa mwezi, yaani 10,200 kwa mwaka, na hiyo si pesa ya kudharau, mumeo hakuota. Lakini kutoka dola 22 hadi 17 utapoteza 10,400. Ukijumlisha na kutoa, mnabaki na dola 2,088 kwa mwaka. Mshahara wa mumeo sikuuhesabu kwa kuwa hukuutaja, nanyi mkae muufanyie hesabu hiyohiyo.

Na hizo 2,088 zina mwenyewe tayari: gari la pili. Arlington ni mji wa watu karibu laki nne usio na mabasi ya kawaida ya kupita njia na vituo vyake. Kuna vigari vya kuita kwa simu, basi. Mwenye zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuitegemeza kazi yake hapo. Kwa hiyo gari, bima yake, mafuta yake. Tena bili ya gesi ya Januari mtaibadilisha kwa bili ya umeme ya Agosti, maana joto la kule si la Mombasa, hakuna upepo wa bahari wa kukupoza jioni. Upande huo mtu huchagua mwenyewe kampuni ya kumuuzia umeme, kwa hiyo mkataba usomeni hadi herufi ndogo. Ile baridi kali ya Februari 2021 iliwaachia baadhi ya wateja wenye mikataba ya bei inayopanda na kushuka bili za maelfu ya dola.

Sisemi msiende. Mwanamume anayelala mchana na kuamka jua la Lowell limeshazama saa kumi na nusu jioni, halafu anasikia binamu yake anachoma nyama uani Desemba, huyo simlaumu. (Viwanda vya jimbo lenu ndivyo vilivyofuma merikani, kile kitambaa ambacho meli za bandari ya Salem zilikuwa zikikileta Zanzibar karne ya 19. Nguo imekuja kwetu, nanyi mmeifuata ilikotoka, na sasa mnaikimbia baridi yake. Haya.)

Ninalolipinga ni mwezi ujao. Ukiacha kazi sasa, bima yako ya afya inakwisha na kazi. Sheria inamruhusu mwajiri mpya akungojeshe hadi siku 90 kabla bima yake haijaanza, na siku hizo utakuwa na tumbo. Kisha mtoto azaliwe. Massachusetts ina likizo ya uzazi yenye malipo, imeanza kulipwa mwaka 2021: hadi wiki 12 za kukaa na mtoto, mbali na za mama kupona. Nawe umekuwa ukikatwa mshahara kuichangia. Texas haina sheria kama hiyo. Ile ya serikali kuu haina malipo, na lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 12, nawe utajifungua kabla hujatimiza nusu yake. Mtahama kwa dola 2,088, na mtarudi kazini na kichanga cha wiki tatu.

Zaa huko uliko, mwanangu. Maliza likizo yako. Wakati huo mumeo aende Arlington wiki moja, Agosti, si Desemba, aulize bima ya magari, aone shule, akuletee kazi mbili tatu zilizoandikwa mshahara. Wewe nawe kama una cheti cha kazi ya kutunza wazee, fuatilia jinsi kinavyohamishiwa kwenye daftari la Texas. Dipoziti aulize kwa maandishi kama inarudi. Isiporudi, dola 400 ni ada ya shule.

La risiti nalo. Una haki ya kukasirika. Ila angalia mizani: yeye kakuficha dola 400, wewe umemficha mtoto. Ukimwendea na risiti mkononi kwanza, siku atakayojua umri wa hiyo mimba risiti itasahaulika na mshtakiwa utakuwa wewe.

Akirudi kutoka shifti alfajiri, mpe chai, umwache avue viatu. Anza na mtoto. Texas mtaizungumza kikombe cha pili, na karatasi ya hesabu iwe mezani, umwachie yeye ajaze sehemu ya mshahara wake.

Shangazi