Kona ya Santuri: King Kong ziko mbili, uliza mwaka kabla hujatoa pesa

Mwezi huu barua karibu zote ni za rikodi za kasti, yaani zile santuri za michezo ya jukwaani zinazoimbwa na waigizaji wenyewe. Nimefurahi mno kuona Mombasa tuko wengi tunaozifuata, na nyingi zinatolewa upya sasa, kwa hivyo tusipoteze muda.

Mjomba, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, akaacha santuri ya King Kong, ule mchezo wa Afrika Kusini, lakini imepinda haichezeki. Nimeona inauzwa toleo jipya, wauzaji wawili, wote wanaapa ni orijino, na mmoja bei yake ni mara mbili ya mwenzake. Mimi nataka kumsikia Miriam Makeba tu. Nichukue ipi? – Kijana wa Tudor

Marahaba mwanangu. Usitume pesa kwanza, manake hapo kwenye orijino ndipo watu huliwa. Inawezekana wauzaji wote wawili wanasema kweli na wewe bado ukaletewa sicho.

King Kong ina rikodi mbili za kasti. Ya kwanza ni ya 1959, mchezo ulipofunguliwa Johannesburg mwezi wa Februari kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na ulichezwa chuoni kwa sababu pale weusi na weupe waliweza kukaa ukumbi mmoja wakatazama, wakati nchi nzima ubaguzi umeibana. Muziki ni wa Todd Matshikiza, kisa ni cha bondia Ezekiel Dlamini, bondia mwenyewe aliigizwa na Nathan Mdledle wa kundi la waimbaji la Manhattan Brothers, na Makeba alikuwa Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Ya pili ni ya 1961, mchezo ulipopelekwa London, na humo Makeba hayumo kabisa, alikuwa ashaondoka zamani, Joyce wa London ni Peggy Phango.

Sasa unaona? Hiyo ya London nayo ni orijino, ni kasti yenyewe ya London, hakuna aliyekudanganya, lakini utaiweka kwenye pleya usubiri Makeba mpaka upande wa pili uishe. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ni ya mwaka gani na Joyce ni nani? Akupigie picha nyuma ya kava, yale maandishi madogo yasomeke, na leibo ya katikati pia. Akianza kuzunguka, achana naye.

Halafu hiyo bei. Mara nyingi huwa wanakupigia hesabu ya uzito, ati santuri ya gramu 180. Uzito hauongezi sauti mwanangu. Kinacholeta sauti ni wametoa wapi, kama wamerudi kwenye tepu ya kwanza ya studio au wamechukua santuri kuukuu wakaisafisha mikwaruzo kwa kompyuta, na kazi hiyo ikifanywa ovyo huondoka na tarumbeta pia. Toleo la watu wanaoheshimu kazi huandika hayo wazi, pamoja na majina ya wanamuziki. Toleo lililo kimya mimi hulitilia shaka.

Ukiniuliza ninayoipenda, ni ya 1959, sifikirii mara mbili. Kwenye okestra ya Johannesburg walikuwemo Kippie Moeketsi wa saksofoni na Hugh Masekela wa tarumbeta, huyo Masekela alikuwa kijana wa miaka 19, na muziki una ile haraka ya mtaani, ya London imepigwa pasi zaidi. Lakini ya London nayo usiidharau, wengi katika kundi lile hawakurudi kwao baada ya pale, Mdledle mmojawapo, na mimi nikiisikiliza nikijua hilo huwa inanishika. Na ya babu yako usiitupe hata kama imepinda, igeuze usome mwaka. Baharia huenda aliinunua London kwenyewe.

Mjomba, mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu wanafanya Sarafina! na nimewanunulia diski, yaani CD, lakini nyimbo hazifuatani na mchezo wetu na nyingine hazipo. Nimeuziwa feki? – Mwalimu, Kisauni

Si feki mwalimu, umeuziwa ya filamu. Mchezo wa Mbongeni Ngema ulianza Market Theatre ya Johannesburg mwaka wa 1987, ukafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, Januari 1988, na filamu yenye Whoopi Goldberg ikaja 1992. Leleti Khumalo ndiye Sarafina kote kuwili, kwa hivyo ukiangalia uso kwenye kava hutajua tofauti. Tafuta inayosema ni ya wasanii wa jukwaani.

Kwa Lion King ni vivyo hivyo, filamu 1994, jukwaa 1997, na ya jukwaani ina nyimbo ambazo filamu haina. Sound of Music ya Broadway ya 1959 ni Mary Martin, wale wanaomtaka Julie Andrews ni ya filamu, 1965. Watu hugombana bure kwa hizi, kumbe kila mmoja ana kitu chake mkononi.

Mjomba, kila toleo jipya la Follies, ule mchezo wa Broadway, hujisifu limesafishwa, lakini nikinunua nyimbo bado ni fupi. Kwa nini wasizirudishe zote tukapumzika? – Mpenzi wa jukwaa, Nyali

Dada, hawazirudishi kwa sababu hazikurikodiwa. Hili linaniuma miaka na miaka, acha nilieleze kwa urefu.

Mchezo wa Oklahoma! ulipotolewa na kampuni ya Decca mwaka wa 1943, ilikuwa ni sahani za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilizotiwa pamoja ndani ya albamu, na upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu, nne hivi, basi wimbo ukizidi hapo unakatwa ama unaachwa. Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia wakaleta elpii, yaani santuri ya kucheza muda mrefu, upande mmoja ukawa dakika ishirini na kitu, watu wakapumua, lakini elpii moja bado haimezi mchezo wa saa mbili na zaidi. Na kurikodi penyewe ni mbio. West Side Story ilifunguliwa Broadway tarehe 26 Septemba 1957, tarehe 29, Jumapili, waigizaji wakaingia studio wakamaliza siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa akifikiria kwamba baadaye itakuja diski ya dakika sabini na kitu na sisi tutataka kila kipande.

Sasa Follies ya Stephen Sondheim, 1971, ina nyimbo nyingi kupindukia, ilistahili elpii mbili, kampuni ya Capitol wakaitia kwenye moja. Mashairi yakafupizwa kabla ya kuimbwa. Uko wimbo mmoja uliorikodiwa ukaachwa nje, huo ndio uliorudi kwenye diski, kwa sababu ulikuwako kwenye tepu. Kuchanganya sauti upya kumesaidia pia, waimbaji wanasikika vizuri zaidi, lakini ubeti ambao haukuimbwa studio, hakuna mashine itakayouimba.

Ukitaka iliyojaa zaidi chukua ya Paper Mill Playhouse ya 1998, au ya Broadway ya 2011. Lakini ile ya 1971 usiuze! Alexis Smith, Dorothy Collins, Yvonne De Carlo, wale ndio walioandikiwa nyimbo zile kwanza, na hata zikiwa zimekatwa mimi hurudi kwao.

My Fair Lady ya mono au ya stirio? – Msomaji, Bamburi

Hazitofautiani mono na stirio tu, ni rikodi mbili. New York 1956 ni mono, yaani sauti ya njia moja, London 1959 ni stirio, ya njia mbili, na Rex Harrison na Julie Andrews wamo kote. Mimi ni wa 1956, bado wana moto wa siku za mwanzo. Epuka tu mono za zamani zilizogeuzwa stirio kwa ujanja wa mitambo miaka ya sitini, sauti inakuwa kama imo ndani ya mtungi.

Shikamoo Mjomba. Kava zangu zaota ukungu, nami nakaa Mji wa Kale karibu na bahari. Nifanyeje? – Bi. mkusanyaji

Marahaba mamangu. Zisimamishe wima, zisibanane, na zisigusane na ukuta wa nje wala sakafu. Karatasi za ndani zilizoanza kunuka badilisha, na mifuko ya plastiki laini itoe, kwa joto letu hushikana na santuri. Tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ubadilishe mara kwa mara. Santuri ya elpii ioshe kwa maji safi ya betri yasiyotiwa asidi na tone la sabuni ya vyombo, leibo isilowe. Zile sahani za 78 usiziguse kwa spiriti, spiriti inaziyeyusha. Na kava yenye ukungu ipanguse nje kwa kitambaa kikavu, usifanyie chumbani, manake ule unga huruka ukatua kwenye zile nzima.