Barua kwa mwanangu: kwa nini mama yake babu hana kaburi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu, na migomba ya kihambani imevumilia kiangazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umesema nesi wa kliniki alikuuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuugua akili, hasa baada ya kujifungua, nawe ukamjibu kwamba hakuna. Kisha ulipofika nyumbani ukakumbuka kwamba mama yake babu yako hatajwi ila kwa maneno mawili tu, "alikwenda Dodoma", na kwamba pale kihambani Machame hana kaburi. Unauliza alikwenda Dodoma kufanya nini. Swali hilo nami nilimuuliza babu yako nikiwa kijana, akanyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe, nami nikaelewa kwamba sikupaswa kuuliza tena.

Alipelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mwanangu, na huko ndiko alikofia. Kwa hiyo rudi kliniki umwambie nesi kwamba jibu ni ndiyo.

Umekua ukisikia watu wakitaniana kwamba fulani "ana faili Milembe", na nakiri kwamba mimi pia nimeutumia utani huo barabarani na baani, mpaka mwaka niliokwenda kuulizia faili lenyewe. Katika ofisi moja kijana wa mapokezi alidhani natania, akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Sikumlaumu sana, kwa kuwa alicheka kama ambavyo ningecheka mimi.

Mwanzo nilipotea njia. Wazee waliniambia kwamba alipelekwa "kwa Wajerumani", nami nikafunga safari hadi Lutindi, kule Usambara, mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, maana sisi ni Walutheri na treni ya Tanga ilikuwa ikifika Moshi tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini wazee walichanganya mambo. Wakati bibi alipougua, nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na hospitali kubwa ya serikali ya wagonjwa wa akili ilikuwa Dodoma, ambako waliijenga katika miaka ya 1920.

Ukweli ulikuwa nyumbani. Baada ya matanga ya babu yako nilifungua lile sanduku lake la bati, na chini kabisa, ndani ya Biblia iliyotafunwa na mende, nikakuta karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya amri ya hakimu, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitaka mgonjwa wa akili apelekwe hospitali kwa amri ya hakimu baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa, na kwa hiyo njia ya bibi ilianzia bomani. Jina lililoandikwa halikuwa lile la ubatizo wala la ukoo wa mume wake. Karani alimwandika kwa desturi ya pwani, "binti" kisha jina la baba yake, na jina hilo la baba aliliandika kama alivyolisikia, akaweka L mahali pa R. Hapo nikaelewa kwa nini kila nilikouliza niliambiwa kwamba hayupo: nilikuwa namtafuta mtu ambaye serikali haikumfahamu kwa jina hilo.

Karatasi ya pili ilikuwa na mistari minne ya kupigwa chapa, ikieleza kwamba amefariki mwaka 1949 kwa nimonia. Nilikwenda usharikani nikaomba wanifunulie kitabu cha ubatizo, na pembeni mwa jina lake, kwa wino uliofifia, mchungaji alikuwa ameweka msalaba mdogo na neno moja, "Dodoma". Vifo vya Waafrika siku zile havikuwa lazima kusajiliwa serikalini, na ndiyo maana nakwambia kwamba anayetafuta mtu wa zamani huku kwetu aanzie kanisani au msikitini kabla hajapanga foleni ofisini.

Kilichobaki alinieleza shangazi yangu, bibi yako wa Machame, baada ya kumwonyesha karatasi hizo. Yeye ndiye mtoto aliyezaliwa siku chache kabla ya ugonjwa, na aliyajua yote kwa kusimuliwa na dada zake. Mama yao alijifungua salama, akala mtori na mlaso kama mzazi yeyote, lakini kufikia siku ya tisa alikuwa hajalala usiku tatu. Aliimba nyimbo za kanisani bila kupumzika, akasema kwamba mtoto amebadilishwa, na usiku mmoja wakamkuta amesimama ndani ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, maji yakimfika magotini, akimwosha mtoto ili, kwa maneno yake, "arudi yule wa kwangu". Wakamnyang'anya mtoto, wakamfungia ndani, na baada ya majuma ya waganga na maombi habari zikafika kwa Mangi, yaani chifu wetu, kisha bomani.

Hicho ndicho watu wanachokiita kichaa cha uzazi. Si ile huzuni inayowapata wazazi wengi na kupita. Ni ugonjwa unaompata mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, huanza ghafla, mara nyingi ndani ya majuma mawili ya kwanza, na siku hizi unatibika, na wengi hupona kabisa. Bibi hakuwa na bahati hiyo. Klopromazini, dawa ya kwanza iliyotuliza maradhi ya namna hii, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, yeye akiwa ameshazikwa.

Usidhani kwamba alitupwa. Mume wake alikwenda kumwona mara moja, kwa lori la mizigo kupitia Arusha, Babati na Kondoa, kama kilomita 500 za vumbi, akiwa amebeba mkungu wa mshare mbichi ili ampikie. Alipofika ndizi zilikuwa zimeiva zikaanza kuwa nyeusi. Wanasema bibi alizila zote akiwa amesimama, akauliza kama mtoto amerudishwa. Mume alirudi nyumbani na hakusema tena neno juu ya safari ile.

Sasa nikwambie kwa nini tulinyamaza, kwa kuwa mimi pia kwa miaka mingi nilidhani ni aibu ya ugonjwa. Aibu ilikuwepo, lakini sababu kubwa ilikuwa shangazi. Utotoni, watoto wenzake wakigombana naye, walimwambia kwamba yeye ndiye aliyempandisha mama yake kichaa, na babu yako, aliyekuwa kaka yake mkubwa, aliamua kwamba jina la mama lisitajwe mbele yake kamwe. Alimlinda kwa kunyamaza, naye shangazi akaufahamu ukimya ule kuwa ni hukumu. Aliponisikiliza nikimsomea kuhusu ugonjwa huo, aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hata angezaliwa mwingine?" Nikamwambia ndiyo.

Nilitaka kwenda Dodoma kuchota udongo tuuzike kihambani. Shangazi alikataa, akasema udongo wa Dodoma ni wa Wagogo, waliompokea sisi tukiwa mbali, basi tuwaachie. Badala yake alipanda sale moja, ule mmea wetu Wachagga wa amani na msamaha, kando ya kaburi la baba yake, bila saruji wala jina. Ukija Desemba utaliona.

Kuhusu wewe, bibi huyo yuko vizazi vitatu nyuma yako, na hilo peke yake si sababu ya kukosa usingizi. Lakini mweleze mume wako dalili zake: usingizi kukatika kabisa, maneno mengi yasiyoshikana, hofu, kumshuku mtoto. Akiziona, akupeleke hospitali siku ile ile, na maombi yafuate huko huko wodini.

Shangazi ameomba aje Mwanza akulee mwenyewe hiyo miezi mitatu ya uzazi. Nimemwambia miguu yake haiwezi basi la usiku kucha; akanijibu kwamba hakuniuliza kuhusu miguu. Niambie tarehe waliyokupa kliniki, nimkatie tiketi ya siti ya mbele.

Baba yako