Balbu ya chaji au taa ya sola?

Dada, kwa vyumba viwili na umeme unaokatika kila jioni kwa masaa mawili matatu, mimi ningeanza na balbu ya chaji sebuleni. Inaingia kwenye holda ya kawaida, inajichaji umeme ukiwepo, na ukikatika inaendelea kuwaka, mradi swichi umeiacha imewashwa. Wengi huizima kwa mazoea halafu wanasema ni mbovu.

Usihangaike na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, uliza betri. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 na mAh 2,000 (miliampia-saa, yaani ujazo wa betri) inabeba kama Wh 7.4 (wati-saa, yaani wati mara masaa), kwa hiyo ikiwaka kwa wati 3 inakupa masaa mawili na ushee. Muuzaji akikuahidi masaa kumi kwa betri hiyo, ujue mwanga utakuwa wa kupapasia.

Chumbani weka taa ndogo ya sola, ya kubeba hadi jikoni na chooni. Paneli yake ianikwe nje juani, si nyuma ya kioo cha dirisha. Mishumaa na vibatari achana navyo kabisa, maana umesema watoto wanalala kwenye chandarua.